Macho ya buluu si upofu: jinsi nyoka mfalme anavyovua gamba

Nyoka wa kufugwa akianza kupauka, rangi zake zikafifia na macho yakaingia ukungu wa buluu, anayemwona kwa mara ya kwanza husema moja kati ya mambo mawili: anaumwa, au amepofuka. Ndivyo ilivyokuwa kwenye kundi la WhatsApp la ukoo wetu siku binamu yangu anayeishi Arizona alipotuma video ya nyoka wake. Kule kwao si ajabu, nyoka wa aina hiyo huuzwa madukani. Sisi huku Kampala na Jinja tulishtuka. Shangazi alituma ujumbe wa sauti: "Mwanangu, huyo mdudu macho yameshakufa. Mtoe nje kabla hajakugeuka." Mjomba wa Arua naye akaongeza kwamba nyoka akijivua gamba hurudi utoto, ndiyo maana hafi kwa uzee.

Nyoka yule hakuwa mgonjwa wala kipofu, na atazeeka na kufa kama viumbe wengine, ingawa akitunzwa vizuri anaweza kupita miaka 20. Alichokuwa akikifanya ni kazi ambayo sehemu yake kubwa haionekani kwa macho. Gamba unaloliona limelala sakafuni ni mwisho tu wa kazi hiyo. Ngozi mpya ilikwisha kutengenezwa zamani, na ukilijua hilo mengi yanayowatia watu hofu yanapata maelezo yake.

Kwanza tumtambue nyoka mwenyewe, kwa sababu jina lake linachanganya. Nyoka mfalme hahusiani na kobra mfalme. Kobra mfalme ni wa Asia, ana sumu kali, na anaweza kupita urefu wa meta 5. Nyoka mfalme ninayemzungumzia hapa ni wa bara la Amerika, jamii ambayo wanasayansi huiita Lampropeltis, inayopatikana kuanzia kusini-mashariki mwa Kanada hadi kaskazini mwa Amerika Kusini. Hana sumu ya kumdhuru mtu. Huua kwa kujiviringisha na kukaza. Ufalme amepewa kwa sababu hula nyoka wenzake, wakiwemo wale wa Marekani wenye njuga mkiani, ambao sumu yao mwili wake huihimili. (Kwa Muganda, nyoka aliyekuwa mfalme ni habari nyingine kabisa: Bemba Musota, anayesimuliwa kutawala kabla ya Kintu, mwanzilishi wa Buganda katika masimulizi, hadi kobe alipomdanganya kwamba ukikatwa kichwa usiku, asubuhi unaamka mzima. Naggalabi, Buddo, bado panatajwa katika hadithi hiyo.)

Yule wa binamu yangu ni nyoka mfalme wa California, ambaye ndiye anayefugwa sana. Mkubwa wake kwa kawaida huwa na urefu wa sentimeta 75 hadi 120. Kichwa ni chembamba, kimezidi shingo kidogo tu, tofauti na kifutu wetu ambaye kichwa chake kipana kinajitenga waziwazi na shingo. Mboni ya jicho ni ya mviringo. Mwili una pete za kahawia iliyokolea au nyeusi zinazopishana na nyeupe au manjano hafifu, kutoka kisogoni mpaka ncha ya mkia.

Lakini si wote wenye pete. Wapo wenye mstari mmoja mrefu unaofuata uti wa mgongo, na kwa muda mrefu wataalamu waliamini hao ni spishi mbili tofauti. Laurence Klauber, mhandisi wa San Diego aliyekuja kuwa mmoja wa wajuzi wakubwa wa nyoka Marekani, ndiye aliyelimaliza suala hilo: mayai ya mama mmoja yalitoa watoto wenye pete na wenye mstari pamoja. Ndugu wengine wa nyoka huyu nao wana sura zao. Yupo wa Mexico ambaye ni mweusi tii mwili mzima. Yupo wa mashariki mwa Marekani, mweusi mwenye mistari myembamba myeupe iliyoungana mwili mzima. Wapo wa milimani wenye nyekundu, nyeusi na nyeupe, ambao mtu asiyewajua humdhania nyoka wa matumbawe, mwenye sumu. Wafugaji nao wamechagua na kuzalisha kizazi baada ya kizazi hadi wakapata zeruzeru na rangi nyingine ambazo porini ni nadra kuonekana.

Rangi hizo zinakaa wapi? Hapa ndipo pa kuanzia kuelewa video ya binamu. Chembe nyingi zinazobeba rangi ziko kwenye ngozi ya ndani, ile ambayo nyoka haivui kamwe. Juu yake kuna ngozi ya nje, ngumu na inayopitisha mwanga, iliyojengwa kwa keratini, protini ileile inayotengeneza kucha zetu. Sehemu ya weusi hupenya hadi kwenye ngozi hiyo ya nje, nyekundu na manjano hazipenyi. Ndiyo maana ukilishika gamba la nyoka mfalme wa California ukaliinua dirishani, unaona pete zake kwa rangi ya moshi hafifu, na palipokuwa peupe panapitisha mwanga bila kizuizi. Gamba la nyoka zeruzeru halina hata moshi huo. Kwa hiyo nyoka anapofifia, rangi haijamtoka. Kuna kitu kimeingia kati ya rangi hiyo na macho yako.

Mng'ao nao una chanzo chake. Magamba ya nyoka mfalme ni laini, hayana ule ukingo ulioinuka katikati ambao kifutu anao na unaomfanya aonekane mkavu na asiyeng'aa. Juu ya kila gamba kuna maumbo madogo mno, yasiyoonekana bila darubini yenye nguvu, yanayotawanya mwanga, na juani nyoka mweusi huonyesha rangi za upinde wa mvua. Mng'ao huo huwa bora kabisa siku ile ya kuvua. Baada ya hapo mikwaruzo, vumbi na kutambaa juu ya mawe huupunguza taratibu.

Jambo jingine ambalo wengi hawalijui: idadi ya magamba haiongezeki. Nyoka anayetoka kwenye yai akiwa na urefu wa kalamu mbili tayari ana magamba yote atakayozeeka nayo. Kinachokua ni ukubwa wa kila gamba, pamoja na ngozi laini iliyokunjwa katikati yao. Mikunjo hiyo ndiyo inayomwezesha kumeza panya mnene kuliko kichwa chake bila ngozi kupasuka.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe.

Sisi binadamu tunavua ngozi kila siku bila kujua. Vipande vidogo vinatudondoka kitandani, bafuni, kwenye nguo. Nyoka hafanyi hivyo. Chembe za chini kabisa za ngozi yake ya nje hutulia kwa majuma kadhaa, halafu zinaanza kugawanyika mwili mzima kwa wakati mmoja, kutoka puani hadi mkiani. Zinachojenga ni ngozi kamili chini ya ile ya zamani: uso wake mgumu, tabaka lake la mafuta la kuzuia maji yasimtoke, tabaka lake la kunyumbulika. Kwa siku kadhaa nyoka huyo amevaa ngozi mbili, moja juu ya nyingine, na ya chini ndiyo itakayomfaa kesho.

Ngozi mpya ikikamilika, inabidi ya juu iachie. Tabaka lililo katikati ya hizo mbili huanza kuyeyushwa, na majimaji hupenya hapo katikati. Mwanga ukipiga hautoki safi tena, unatawanyika, na pete nyeusi zinaonekana za kijivu, nyeupe zinaonekana chafu, tumbo linakuwa na wekundu hafifu au maziwa. Huko ndiko kufifia alikokuona shangazi.

Na macho? Nyoka hana kope. Hapepesi, halali akiwa amefumba. Kila jicho limefunikwa na gamba moja la mviringo linalopitisha mwanga, lililoungana na ngozi inayolizunguka, na gamba hilo nalo huvuliwa pamoja na mengine. Majimaji yakiingia chini yake, jicho linakuwa la buluu nyeupe. Jicho lenyewe liko salama huko chini. Ila kweli siku hizo haoni vizuri, na mnyama asiyeona vizuri huwa na wasiwasi: anajificha, anakataa chakula, anatikisa mkia, na akishikwa ghafla anaweza kuuma hata yule anayemlisha kila juma. Shangazi alipohofia atamgeuka binamu, alikosea sababu, ila tahadhari yake ilikuwa sahihi.

Ukungu huo hukaa siku chache, kwa wengine karibu juma. Halafu linatokea jambo linalowachanganya hata wafugaji wapya: macho yanakuwa safi tena. Rangi nazo zinarudi kidogo. Mtu anadhani mambo yamekwisha, au kwamba dawa aliyompa imefanya kazi. Kumbe yale majimaji yamemaliza kazi yake na ngozi mbili zimekwisha kuachana. Katika siku chache zinazofuata atavua. Kuanzia kupauka hadi gamba kutoka, safari nzima mara nyingi huchukua kati ya juma moja na mawili.

Kipande cha pili cha video, kilichofika siku chache baadaye, kinaonyesha siku yenyewe. Nyoka anasugua pua kwenye jiwe, upande huu, kisha upande ule, kwa subira. Ngozi inachanika kwenye midomo, juu na chini. Kinafuata kipindi ambacho ngozi ya utosi imejikunja nyuma na nyoka anaonekana na nyuso mbili, mpya inayong'aa mbele na ya zamani imebonyea nyuma yake, pamoja na vile vifuniko viwili vya macho vimesimama bila jicho ndani. Anatafuta kitu cha kunasisha ukingo wa ngozi ile, anapita kati ya mawe mawili, na gamba linabaki likigeuka ndani nje kama soksi inayovuliwa kuanzia juu. Misuli ya mwili inapanuka na kusinyaa kwa mawimbi. Kwa nyoka mwenye afya kazi hiyo huisha ndani ya dakika kadhaa, au saa moja na zaidi kidogo kama hana haraka.

Tangu mwaka 2011 wanasiasa wa jirani zetu Tanzania waliuzoesha msemo wa kujivua gamba kuwa ni kutupa kilichooza. Nyoka hana kilichooza. Anatupa kilichochakaa, tena baada ya kuhakikisha kingine kipo tayari chini yake, na huo ni utaratibu ambao vyama vingi vingeuonea wivu.

Kwa nini ajisumbue? Jibu la haraka ni kwamba anakua, na ngozi ya nje iliyokomaa haiwezi kutanuka tena. Ni kweli kwa mtoto, ambaye huvua mara ya kwanza akiwa na siku chache tu baada ya kuanguliwa, kisha kila wiki 4 hadi 6 akila vizuri. Lakini nyoka mzima ambaye urefu wake umesimama bado anavua, kwa nafasi ndefu zaidi. Ngozi inachakaa, inakwaruzwa, inabeba kupe na utitiri, inapata majeraha. Nyoka aliyeumia huvua mara nyingi zaidi, na kovu hupungua kila anapovua. Jike la nyoka mfalme huvua kabla ya kutaga, na mayai huja yapata juma moja au mawili baada ya hapo. Wafugaji wakiliona gamba hilo ndipo huandaa sanduku la mayai. Homoni za tezi ya thairoidi nazo zina usemi: kwa nyoka huchelewesha kuvua, na nyoka ambaye tezi hiyo haifanyi kazi ipasavyo anaweza kuvua kupita kiasi. Mjomba wangu anayesema nyoka hurudi utoto ameona ngozi mpya akadhani ni mwili mpya. Moyo, ini na mifupa vya nyoka huyo vina umri uleule.

Gamba kamili hutoka zima, kipande kimoja, kuanzia midomo hadi ncha ya mkia. Likitoka vipandevipande kuna tatizo, na mara nyingi tatizo hilo ni ukavu. Katika siku za kuvua, maji hupotea mwilini kwa urahisi zaidi kuliko kawaida, na hewa ikiwa kavu yale majimaji ya katikati hukauka kabla ngozi hazijaachana vizuri. Binamu yangu anaishi kwenye jangwa, na nyumba yake ina kiyoyozi mchana kutwa. Angekuwa Entebbe, ambako ziwa lenyewe linaleta unyevu, pengine asingekutana na shida hiyo. Karamoja wakati wa kiangazi ingekuwa habari nyingine. Nyoka mfalme wa California hahitaji unyevu mwingi siku za kawaida, lakini macho yakishaingia ukungu anafaa kuwekewa kijisanduku chenye tundu na taulo nyevu ndani, aingie na kutoka apendavyo. Bakuli la maji liwe kubwa kiasi cha kumwezesha kulala humo. Jiwe moja lenye ukwaruzo na kipande cha gome vinatosha kuwa vifaa vyake.

Baada ya hapo kazi ya mwenye nyoka ni kumwacha. Asimlishe, asimshike, asimpige picha za kila saa. Madhara mengi ya kipindi hiki yanaletwa na mikono ya watu. Ukimvuta gamba ambalo halijaachia, unaweza kung'oa na ngozi mpya iliyo chini, na pale patakuwa kidonda. Nimesoma ushauri wa kumpaka mafuta ya kupikia au ya kujipaka. Unamwacha nyoka anateleza kwenye jiwe ambalo lingemsaidia, na vumbi lote la kizimba linamganda.

Akimaliza, lichunguze gamba kabla ya kumchunguza nyoka. Lilainishe kwa maji kidogo, likunjue, uangalie sehemu mbili. Ya kwanza ni macho: vifuniko viwili viwepo, mviringo na vikiwa safi. Kama kimoja kimekosekana huenda kimebaki jichoni, na hapo usijaribu kukitoa kwa kibano wala ukucha. Unyevu na gamba linalofuata mara nyingi hulimaliza suala hilo, na kama linajirudia ni kazi ya daktari wa mifugo anayejua reptilia. Ya pili ni ncha ya mkia. Kipande kidogo cha ngozi kavu kikibaki pale kinajikaza kila kinapozidi kukauka, damu haipiti, na ncha inaweza kufa na kukatika. Hicho hulainishwa kwa kumweka nyoka kwenye maji ya uvuguvugu yasiyofika kimo cha kichwa chake, kisha kumwacha atambae kwenye taulo yenye unyevu mpaka kiachie chenyewe. Nyoka anayevua vibaya kila mara huku hewa na maji viko sawa apimwe utitiri na maradhi mengine.

Sasa, kabla msomaji wa Kampala hajaanza kutafuta wa kumletea nyoka mfalme: Sheria ya Wanyamapori ya Uganda ya mwaka 2019 inataka kibali kwa mambo ya kufuga na kuingiza wanyamapori, na mlango wa kubisha ni Mamlaka ya Wanyamapori, UWA. Mimi naona ugumu huo una maana. Kwenye kisiwa cha Gran Canaria, Hispania, nyoka wafalme wa California waliotoroka au kuachiliwa na wafugaji walianza kuonekana porini mwaka 1998. Hakukuwa na nyoka wa asili pale, mijusi wa kisiwa hawakujua kujihadhari, na katika maeneo walikoenea nyoka hao mijusi wakubwa wa kienyeji wamekaribia kutoweka. Wengi wa waliokamatwa katika eneo moja walikuwa zeruzeru, alama ya wazi kwamba walitoka kwenye vizimba vya watu. Anayetaka kuwaona nyoka kwa karibu aende Entebbe, kwenye kituo cha elimu ya wanyamapori au kile kijiji cha reptilia. Chatu na fira wetu huvua kwa utaratibu huuhuu, macho ya buluu na yote.

Na hapa nyumbani elimu hii ina matumizi kuliko Arizona, kwa sababu watu wengi hawamwoni nyoka, wanaliona gamba lake: darini, kwenye matofali yaliyorundikwa, chini ya majani ya ndizi. Usimpime nyoka kwa urefu wa gamba. Linapovuliwa, ile mikunjo ya katikati ya magamba hutanuka, na gamba huwa refu kuliko mwenyewe kwa kiasi cha kuonekana wazi. Nyoka wengi wa kutisha wa vijijini wamezaliwa kwenye kipimo hicho. Angalia magamba ya mgongoni: yakiwa na ukingo ulioinuka katikati, anaweza kuwa wa jamii ya kifutu, ingawa si yeye pekee mwenye ukingo huo. Yakiwa laini usijipe moyo, fira naye ni laini. Lishike gamba. Likiwa bado nyevu na laini, limevuliwa muda si mrefu. Likiwa limekauka na linavunjika, mwenyewe huenda yuko mbali. Nyoka huacha upande wa kichwa pale alipoanzia na kutokea mwisho kwa mkia, kwa hiyo ncha ya mkia wa gamba ndiyo inayoelekea alikokwenda. Ikiwa inaelekea kwenye rundo la matofali na gamba bado ni bichi, waite watu wa UWA kwanza, matofali yahamishwe baadaye.